Wa Mkiani Ndiye Hutangulia

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nalisema mapema ili mtu asipoteze muda wake kutafuta makosa yangu humu. Yapo, na mengine nimeyaacha makusudi. Lakini wale niliokaa nao dawati moja wakamaliza, leo wengi wao hunipigia simu kuuliza kabichi imefika bei gani Dar. Mimi ndiye ninayejua. Nilianza na tenga moja la peasi kichwani, nateremka nalo mpaka Soni, nakimbizana na mabasi kuwauzia abiria dirishani. Leo nina fuso mbili, nina nyumba ya bati la rangi inayoonekana kutoka ng'ambo ya bonde, na nilikuwa mtu wa kwanza upande wetu wa mlima kumiliki pampu ya maji. Wa kwanza. Wengine walikuja kuiga.

Basi ulipoanzishwa mfuko wa jamii hapa kwetu, walipotafuta mwenyekiti hawakuhangaika sana. Mfuko huu si wa serikali wala si wa wafadhili wa mbali. Ni sisi wenyewe: wafanyabiashara wa Soni, wakulima, Walutheri na usharika wao, sisi Waislamu na msikiti wetu, na watoto wa hapa walioko Tanga na Dar wanaokumbuka kwao hata kama wameshasahau njia. Kila mmoja anatia alichonacho, kamati inakaa, inaamua kifanye kazi gani. Tulipeleka madawati shuleni. Tuliezeka zahanati. Tulijenga vyoo vya wasichana ambavyo mpaka leo vinasifiwa. Mimi na mkasi wa kukatia utepe tulikuwa tumeshazoeana kama ndugu.

Katibu wetu ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa Kilutheri aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa kata. Mimi hakunifundisha, nilikuwa nimeshatoroka alipoletwa. Kila nikimkuta namwambia, "Shikamoo, Mwalimu," naye huitikia, "Marahaba, mwenyekiti," kwa sauti ile ile ya kuita majina asubuhi, mpaka nasikia kama nimechelewa.

Kisa chenyewe kilianza na kitanda.

Ilikuwa kiangazi, wakati ambao huku kwetu asubuhi ukungu unakaa bondeni lakini mashamba yanakauka kama hayauoni. Nilikuwa nasimamia vibarua wakipakia karoti. Akaja mama mmoja mjane, mtu mzima wa umri wa mama yangu, mwenye shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji wetu. Mfereji huo unatoka kwenye chemchemi chini ya msitu, unazunguka mlima, unapita mashamba ya watu wengi, na unaishia kwake. Ndiyo maana wote tunamwita mama wa mkiani, naye hakasiriki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fuso inashuka Mombo leo?"

"Inashuka. Una mzigo?"

"Nina kitanda."

"Cha kuuza?"

"Cha kulalia. Nakitanguliza kwa binti yangu. Mimi nitakifuata nikishavuna viazi. Kama vitavunika."

"Mombo kuna joto, mama. Na mbu."

"Mbu akishiba anaondoka," akasema. "Huku kuna vinavyonyonya visishibe."

Nilicheka. Nilijifanya nadhani anasema kupe wa ng'ombe. Nikaamuru kitanda chake kipandishwe juu ya magunia, kifungwe vizuri, na sikumtoza chochote. Yeye akarudi nyumbani kulala kwenye mkeka.

Sasa niseme kweli, kwa sababu bila hili huwezi kunielewa. Pampu yangu ilikuwa pale juu kabisa, kwenye kidimbwi cha chemchemi, kabla mfereji haujaanza. Kiangazi nilikuwa naiwasha alfajiri naizima jua likiwa kali, na kabichi zangu zilikuwa zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Chini kwa mama wa mkiani maji yalikuwa yanafika matone. Nilijua. Ila kujua ni jambo moja, na kukubali kwamba unajua ni jambo lingine.

Jioni ile nikamsimulia Mwalimu jinsi nilivyomsafirishia mjane kitanda chake bure.

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa. Hata dereva sikumruhusu aombe soda."

Mwalimu akavua miwani. "Kwa hiyo mwenyekiti wa mfuko wa jamii amemsaidia mwanajamii kuhama."

Nikajifanya natafuta funguo za fuso mfukoni.

Akaniambia kwamba mtendaji wa kata alishamwomba mara mbili mfuko uitishe kikao cha maji. Yeye mtendaji akiita, nusu ya watu wanadhani wanakwenda kupewa amri, hawaji. Nusu nyingine wanakuja kubisha tu. Mfuko ukiita watakuja wote.

"Mwalimu," nikasema, "sisi kazi yetu ni kutoa. Mambo ya ugomvi wa maji tuwaachie wenyewe."

"Madawati hata mtu wa mbali asiyetujua anaweza kutoa. Kuwakalisha pamoja watu waliokasirikiana, hilo linawezwa na anayeaminiwa tu. Watu wametuamini, na sisi imani yao tumeifungia kabatini kama vikombe vya harusi. Tunavitoa lini?"

Basi nikaitisha mkutano. Na mimi nikiitisha mkutano, unaitika. Tulichukua darasa kubwa la shule. Niliweka meza kuu yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki, na mbele ya kila mheshimiwa chupa ya maji ya dukani. Pilau ilikuwa jikoni, harufu yake inaingia dirishani. Watu wa juu, ambao shule iko karibu nao, walifika mapema wakakaa mbele. Watu wa mkiani walitembea mwendo mrefu, wakafika mwisho, wakabanana ukutani nyuma. Wengine walisimama nje ya dirisha.

Nilizungumza vizuri sana siku ile. Hata wasionipenda walikiri. Nikasema maji ni uhai, nikasema umoja, nikasema mengi. Nilipokuwa nafungua chupa yangu ninywe, mama wa mkiani akanyoosha mkono kule nyuma.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hayo maji ya chupa yametoka mfereji gani? Na sisi tuchimbe mpaka kwetu."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Kule dirishani mtu alipiga mpaka makofi. Mama hakucheka.

"La pili," akasema, "wazee wetu kwa Kishambaa walisema kuna kuzifya shi, ni kuiponya nchi. Na kuna kubana shi, ni kuiharibu. Umezungumza sana, mwanangu, lakini hujatuambia umetuitia lipi."

Hapo ndipo kikao kikaharibika. Rafiki yangu mmoja, tuliyeuza naye peasi ujanani na sasa analima karoti katikati ya mfereji, akasimama akasema maji yanatoka juu, na Mungu angetaka yaanzie chini angeyafanya yapande. Mtu wa mkiani akamjibu kwamba hata mavi ya ng'ombe yanatoka juu yanashuka chini, mbona hayo hamyazuii? Kelele ikawa moja. Mwishowe pilau ikaliwa. Haikubaki hata punje, wala halikubaki hata neno moja la kushika.

Watu walipotawanyika nilimkuta Mwalimu na mama wa mkiani wameketi kwenye ngazi ya darasa. Nilidhani mama atanikwepa. Badala yake akasogea nikae.

"Ulikosea kitu kimoja," akaniambia. "Uliwaweka wa mkiani mkiani."

"Walichelewa wenyewe, mama."

"Hata wangewahi. Wewe ni mdogo, hujaona. Zamani mfereji ulisafishwa kwa kuanzia chini. Mwenye shamba la mwisho ndiye anatangulia, wengine wote wanamfuata nyuma kuelekea juu. Hakuna kumpita. Akifika penye uchafu anasimama. Hasemi neno. Mwenye kipande kile anakisafisha kwa mkono wake, si kwa mkono wa kibarua. Yule wa mkiani akiridhika, anainua mguu. Hivyo hivyo mpaka kwenye chemchemi, na huko juu ndiko wanakaa wanagawana zamu."

"Na tajiri?"

"Matope hayamjui tajiri."

Mwalimu akanitazama. Nikasema, "Tufanye." Mimi nikiona jambo zuri silikawizi. Nikataka litangazwe: Ijumaa likatangazwa msikitini kwetu, Jumapili likatangazwa kanisani baada ya ibada, kwamba Jumanne mfuko wa jamii unaita msaragambo wa mfereji, kila mtu aje na jembe lake, hakuna posho, hakuna pilau, kuna makande. Nilijisifu sana. Mpaka Jumatatu jioni, nikiwa nakunywa chai barazani, nikafuata ile safari kichwani mwangu, hatua kwa hatua, kutoka kwa mama wa mkiani mpaka juu. Nikaona inaishia wapi.

Inaishia kwenye pampu yangu.

Nikaiweka chai chini. Pampu yenyewe ni nzito, kuibeba peke yangu kuiteremsha ule mteremko singeweza, na kuita vibarua ni kuita mashahidi. Basi nikakata majani ya mgomba nyuma ya nyumba, nikafunga mzigo, nikaubeba kichwani mwenyewe, mtu mwenye fuso mbili, nikapanda nao mpaka chini ya msitu. Nikaifunika pampu, nikaufunika na mpira wa maji, mpaka hapakuonekana chuma. Nikashuka nimeridhika. Niliwaza kesho nitasema hapa ni pasafi, tukae tugawane zamu, na keshokutwa nitaihamisha taratibu bila mtu kujua.

Asubuhi walikuja watu ambao hata mimi sikuwategemea. Mtendaji alikuja na jembe, akajipanga kama mwingine yeyote. Mama wa mkiani alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ana fimbo. Akaanza kutembea pembezoni mwa mfereji mkavu, nasi nyuma.

Mara ya kwanza aliposimama, ilikuwa penye magunia ya mchanga. Jirani mmoja alikuwa ameyapanga kukingia maji yaende kwake. Hakuna aliyesema. Jirani akatoka kwenye mstari, akayavuta moja moja, jasho linamtoka, watu wamesimama wanamtazama kimya. Kile kimya kilikuwa kizito kuliko kutukanwa. Mama akainua mguu, tukaendelea.

Kwa rafiki yangu wa karoti akasimama tena. Kingo ya mfereji ilikuwa na tundu, limefichwa na nyasi.

"Hilo ni la panya," rafiki yangu akasema.

"Panya wako analima karoti?" akaulizwa kutoka nyuma.

"Analima. Na zake nzuri kuliko zenu." Akacheka, akapiga magoti, akaziba tundu kwa mawe na udongo, akalikanyaga mpaka likashiba. "Mama, panya amehama."

"Asiende Mombo," mama akasema. "Huko nimeshaweka kitanda."

Watu walicheka, lakini mimi kicheko kilinitoka nusu. Tulikuwa tunapanda. Baridi ya msitu ilianza kutugusa, na mimi nilikuwa natokwa na jasho. Tukafika chemchemi.

Mama akasimama. Akalitazama lile rundo la majani. Akainama, akashika jani moja kwa vidole viwili.

"Mwenyekiti."

"Naam, mama."

"Huku juu mgomba uko wapi?"

Nikatazama huku na huku, kana kwamba mgomba ungeota pale pale kunisaidia. Msitu, mikangaga, majani ya tembo. Mgomba wa karibu ulikuwa nyuma ya nyumba yangu. Mimi niliyezaliwa mlima huu, nijuaye kila shamba linaota nini, nilikuwa nimeficha chuma kwa majani ambayo mtoto mdogo angejua hayakufika pale kwa miguu yake.

Rafiki yangu wa karoti akajaribu kuniokoa. "Mwenyekiti ameifunika isishikwe na baridi. Pampu nayo ina mafua."

Kicheko kikapanda mpaka nyani wakaitika msituni. Mama wa mkiani hakucheka na hakuondoka. Alisimama tu, fimbo mkononi. Nikajua pale kwamba hatasogea. Na asiposogea yeye, hakuna atakayesogea, na watu wote hawa watateremka na majembe yao, yule jirani atarudisha magunia yake, rafiki yangu atafungua tundu lake, na yeye mama atakifuata kitanda chake Mombo. Viazi vyake vilibakiza siku chache vikauke kabisa. Nilijua, maana tulivipita asubuhi, majani yamejikunja kama ngumi.

"Tunasubiri, mwenyekiti," Mwalimu akasema. Taratibu, kama anayemsubiri mwanafunzi ubaoni.

Nikavua viatu. Viatu vya ngozi, nilivinunua Dar, niseme tu. Nikakunja suruali, nikaingia kwenye kidimbwi. Maji yale yanauma mifupa. Nikatupa majani pembeni, nikaufungua mpira, nikauvuta wote, mita kwa mita, nikaukunja begani. Kisha nikaishika pampu. Mtendaji akataka kuja kusaidia, mama akamzuia kwa fimbo. Niliiburuta peke yangu mpaka nje ya kidimbwi, nimejaa matope mpaka kwenye ndevu. Na nawaambia, watu wa umri wangu wanaoweza kuiburuta ile pampu peke yao katika kata hii sidhani kama wapo.

"Hii ilikuwa yangu," nikasema.

"Tunajua," wakajibu wengi kwa pamoja.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipoileta ukatuita wote tuje kuiona!"

Safari hii nilicheka hata mimi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na nilipoketi nikakuta wote wameketi, mama wa mkiani amekalia jiwe la juu na sisi tumemzunguka, bila meza kuu, bila kitambaa. Zamu zikagawanywa pale pale. Zilianzia kwake, zikapanda juu shamba kwa shamba. Mimi wa mwisho. Rafiki yangu wa karoti alibisha kidogo, akanyamazishwa na watu wa karoti wenzake. Mwalimu aliandika. Sehemu moja mfereji unavuja, na kamati ya mfuko ikakubali kutoa saruji ikiwa wananchi watatoa mawe na mikono. Wakasema mikono hii hapa. Ndiyo ikawa hivyo. Kile ambacho mimi nilikishindwa kwa hotuba na pilau, kilimalizika kabla makande hayajaiva.

Kuteremka hakuna aliyetangulia ila maji. Yalikuwa yanakwenda polepole, yanasukuma majani makavu mbele yake, yanasimama kwenye vishimo yanajaza, yanaendelea. Mama alitembea sambamba nayo kama anayemsindikiza mgeni. Yalipofika kwake yakaingia kwenye matuta ya viazi, la kwanza, la pili. Udongo ukabadilika rangi. Akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye tope.

"Hongea," akasema. Kwa Kishambaa ni asante. Sikujua kama ananiambia mimi au anayaambia maji.

"Mama," nikamwuliza, "lile swali lako la kuzifya na kubana. Nimelijibu?"

"Kiangazi hakijaisha. Nitakwambia mvua zikianza." Akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Lakini fuso yako ikipanda tupu kutoka Mombo, ipite kwa binti yangu."

Ilipita kesho yake, na niliiendesha mwenyewe. Kitanda nilikifunga kamba mwenyewe, na kamba nikifunga mimi haifunguki mpaka nitake. Kutoka barabarani mpaka kwake gari haifiki. Tulikibeba mimi na rafiki yangu wa karoti kwenye kile kijia kandokando ya mfereji, yeye nyuma mimi mbele. Nikaanza kukaza mwendo, kwa sababu mimi sipendi kazi ya kujivuta. Mama akageuka.

"Msinipite."

Tukapunguza. Tulimfuata hatua kwa hatua mpaka ndani. Nilitaka kukiweka kitanda pale pale kilipokuwa, alama za miguu yake bado zilikuwa sakafuni. Akakataa. Akaonyesha ukuta wa pili, chini ya dirisha linalotazama mfereji.

"Kikae huku," akasema. "Nataka nikilala niyasikie yakipita."

Kabichi zangu mwaka ule zilikuwa ndogo kidogo. Bado zilikuwa kubwa kuliko za watu wengine.